Treni za kasi za Chicago na reli yetu ya Tanga: fedha zitangulie wapi?

Mkaazi wa Ngamiani aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Kwa muda sasa nafuatilia namna majimbo ya katikati ya Marekani, hasa Illinois na Michigan, yanavyoongeza kasi ya treni za abiria zinazokutana Chicago. Wenzetu hao hawakujenga reli mpya kama tulivyofanya sisi kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mwaka 2009 serikali yao kuu ilitenga dola bilioni 8 kwa ajili ya reli za kasi nchi nzima, na Illinois ikapata zaidi ya bilioni 1 katika hizo kuboresha reli iliyokuwapo tayari kati ya Chicago na St. Louis, umbali wa kilomita 457. Treni iliyokuwa ikikomea kilomita 127 kwa saa sasa inafika 177. Hata hivyo kasi hiyo ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2023, na kufikia hapo mradi ulikuwa umegharimu karibu dola bilioni 2.

Sisi wa Tanga tuna reli ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, lakini treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, iliyorejea hadi Moshi mwishoni mwa 2019 na hadi Arusha mwaka 2020, hupita Korogwe bila kufika mjini kwetu, nasi tunabaki na mabasi ya Segera na Chalinze. Mpango wa SGR, yaani reli mpya ya kisasa, kutoka Tanga kwenda Arusha na Musoma upo, na ninauombea heri. Ninachouliza ni hiki: tuusubiri, au tudai kwanza reli iliyopo iboreshwe kwa njia ya Illinois? Na fedha zikipatikana, zianze na nini?

Fundi wa Korogwe alijibu:

Ndugu yangu, swali lako la mwisho ndilo zito. Watu husikia "treni ya kasi" wakafikiria kichwa cha treni, ilhali sehemu kubwa ya fedha za Illinois ilikwenda chini na kando ya reli: mataruma ya zege, vyuma vipya, kokoto, njia za kupishania, na vizuizi vinavyofunga barabara pande zote kwenye vivuko ili dereva wa gari asipenye katikati. Kanuni za Marekani haziruhusu treni ifike maili 80 kwa saa, yaani kama kilomita 129, bila mfumo wa ishara unaomfikia dereva ndani ya kichwa cha treni au unaoweza kuisimamisha treni wenyewe. Kwa hiyo kilomita 127 haikuwa mwisho wa nguvu za injini. Reli yenyewe ilikamilika miaka kadhaa kabla ya mfumo huo wa usalama kuwa tayari, na abiria wakaendelea kusubiri juu ya njia nzuri.

Angalieni pia muda wa safari, maana ndio abiria anaoujali. Kilomita 457 zinachukua karibu saa 5, kwa hiyo wastani haufiki kilomita 100 kwa saa, ingawa treni hugusa 177 porini. Muda unapotea kwenye vituo, kwenye kuingia na kutoka Chicago na St. Louis, na pale treni mbili zinapopishana.

Tena tusikubali kuambiwa kwamba geji ya mita, yaani reli yenye upana wa mita moja kati ya vyuma kama hii yetu ya zamani, haiwezi kukimbia. Malaysia inaendesha treni za umeme za abiria kwa kilomita 140 kwa saa juu ya geji hiyo hiyo ya mita. Kinachozuia ni tuta, kona, madaraja na ishara. Mimi ningeanza kwa kuondoa sehemu zote ambapo treni inalazimika kutambaa. Kupunguza dakika 10 mahali inapotambaa ni rahisi kuliko kuzipunguza mahali inapokimbia.

Mwalimu wa Chumbageni alijibu:

Kaka Fundi ameeleza ujenzi vizuri. Mimi nina wasiwasi zaidi na kinachofuata baada ya ujenzi, yaani fedha za kila mwaka za kuendesha treni. Mwaka 2010 Wisconsin ilikuwa imekwisha kupewa dola milioni 810 za kuunganisha Milwaukee na Madison, na Ohio milioni 400 za kuunganisha Cleveland, Columbus na Cincinnati. Magavana wapya, Scott Walker na John Kasich, wakazikataa, hoja yao kubwa ikiwa kwamba wananchi wa majimbo yao wangebebeshwa gharama za uendeshaji. Fedha zikagawiwa majimbo mengine. Treni mbili za kampuni ya Kihispania ya Talgo ambazo Wisconsin ilikuwa imeagiza zikakaa miaka bila kazi, hadi Jimbo la Lagos, Nigeria, liliponunua mwaka 2022. Binafsi naona uamuzi ule uliwaumiza watu wa Madison, ambao hadi leo hawana treni mjini mwao, lakini hoja ya gharama haikuwa ya uongo, kwa sababu sheria ya mwaka 2008 inayataka majimbo kuchangia njia za Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, zenye urefu usiozidi maili 750, isipokuwa njia kuu ya kaskazini-mashariki.

Linganisheni na Borealis, treni iliyoanza Mei 2024 kati ya Chicago na St. Paul kupitia Milwaukee. Haina kasi ya ajabu na inapita kwenye reli ya zamani, lakini majimbo matatu yalikubaliana mapema nani atalipa nini. Tanga ianze na makubaliano ya namna hiyo: treni moja kwa siku hadi Korogwe, ioane na ya Arusha, na ruzuku yake ijulikane kabla ya behewa la kwanza kufika.

Mkaazi wa Ngamiani alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Hapo umenifungua macho. Je, umiliki wa reli nao una nafasi gani?

Msafiri wa Raskazone alijibu:

Una nafasi kubwa. Reli ya Chicago hadi St. Louis kwa sehemu kubwa ni mali ya Union Pacific, kampuni ya mizigo, hivyo kila uboreshaji ulihitaji mkataba nayo. Michigan ilichagua njia nyingine: mwaka 2012 ilinunua takriban kilomita 217 kati ya Kalamazoo na Dearborn kwa dola milioni 140. Sisi hatuna haja ya kununua, kwa kuwa reli ni ya umma. Lakini bandari ya Tanga imepanuliwa na mizigo itaongezeka, kwa hiyo nafasi ya abiria kwenye ratiba iandikwe sasa, kabla njia haijajaa.

Fundi wa Korogwe alijibu:

Naunga mkono, ila ratiba peke yake haitoshi. Sheria ya Marekani inaipa treni ya abiria kipaumbele mbele ya mizigo, lakini treni nyingi za mizigo siku hizi ni ndefu kuliko njia za kupishania, kwa hiyo ya abiria ndiyo inayoingia pembeni na kungoja. Kama mizigo ya bandarini itavutwa kwa treni ndefu, basi njia za kupishania kati ya Tanga na Korogwe zirefushwe katika awamu hiyo hiyo ya ujenzi.