Mendelssohn na simfoni ya sita ya Tchaikovsky: nisikilize nini, nipige makofi lini?

Mgeni wa Okestra
Wakuu, Jumamosi naenda kusikiliza okestra kwa mara ya pili tu maishani: konseto ya fidla ya Mendelssohn, mapumziko, kisha simfoni ya sita ya Tchaikovsky. Mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu katikati ya kazi, na jioni yote ikaniharibikia. Nizingatie nini?

Fidla ya Pili
Ndugu, nimepiga zote mbili nikiwa kundi la fidla za pili.

Kwa Mendelssohn uwe umeshatulia kitini, maana mpigaji mkuu, yule wa fidla anayesindikizwa na okestra, anaingia karibu mara moja. Makofi hayatakusumbua: sehemu zote tatu zimeunganishwa. Ya kwanza ikiisha kwa kishindo, basuni, ala ya kupulizwa yenye sauti nzito, inabaki imeshikilia noti moja, na noti hiyo ndiyo inayokuvusha kwenda ya pili. Kabla ya hapo, ndani ya sehemu hiyo ya kwanza, kuna kadenza, pale fidla inapobaki peke yake. Mendelssohn hakuiacha hadi karibu na mwisho wa sehemu kama ilivyozoeleka, aliileta mapema. Upinde unarukaruka nyuzi zote nne, okestra inarudi taratibu na wimbo wa mwanzo, na sasa mpigaji mkuu ndiye anayeisindikiza okestra. Hapo mwili hunisisimka kila mara.

Kwa Tchaikovsky, jihadhari na sehemu ya tatu. Inaisha kwa nguvu kiasi kwamba wengi hupiga makofi. Wewe subiri, bado ya nne, yenye huzuni. Wimbo unaoifungua hakuna kundi linaloupiga mzima: noti moja yetu, inayofuata ya fidla za kwanza, tunapokezana hivyo hivyo. Nikifanya mazoezi nyumbani sipati wimbo wowote. Unazaliwa tukiwa pamoja, na anayeusikia ni wewe uliyekaa ukumbini.

Besi
Naongezea: mwishoni selo na besi, ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito, zinafifia hadi kimya. Tusubirini mpaka mwongozaji ashushe mikono. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza mara ya kwanza St Petersburg, Oktoba 28, 1893, akafariki siku tisa baadaye.

Mgeni wa Okestra
Asanteni sana. Nimerudia rekodi mara tatu nikiitafuta ile basuni, nimeipata! Kumbe hata simfoni inafunguliwa na basuni. Ila ule wimbo wa kupokezana nausikia kama fidla moja tu.

Fidla ya Pili
Angalia tutakavyokaa. Fidla za kwanza zikiwa kushoto kwa mwongozaji na za pili kulia, kama walivyokaa enzi zile, utausikia ukivuka jukwaa, noti kwa noti.