Waandishi wa ngano za kuchekesha, acheni kuwachekesha wazazi na kuwasahau watoto

Ndugu wasomaji, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila ninapotafuta kitabu cha kumsomea mtoto wa miaka sita au saba, naletewa ngano za kale zilizosimuliwa upya kwa vichekesho: jalada la mbele lina mbwamwitu aliyevaa miwani ya jua, na la nyuma linaahidi kwamba familia nzima itavunjika mbavu. Ninachokuta ndani ni utani wa mikopo ya nyumba, wa mawakili wa talaka na wa wakubwa wa kazini wasioshaurika. Mzazi anatabasamu, na mtoto aliyenunuliwa kitabu hicho anabaki kumtazama mzazi usoni akijaribu kubahatisha mahali panapochekesha.

Katika kimoja cha vitabu hivyo, mbwamwitu wa ile ngano ya nguruwe watatu, anayepuliza nyumba zao ziporomoke ili awale, anatangaza tangu ukurasa wa kwanza kwamba ameacha kula nyama na kwamba anahudhuria ushauri nasaha ili adhibiti hasira zake. Hata hivyo anaipuliza nyumba ya nyasi ikaanguka, na nguruwe anatimua mbio. Mtoto niliyekuwa nikimsomea aliuweka mkono juu ya ukurasa nisifunue, akauliza, "Kama hali nyama, nguruwe anakimbia nini?" Swali hilo alipaswa kuliuliza mhariri kabla kitabu hakijapigwa chapa. Kicheko cha ngano ile kinazaliwa na hofu. Mtoto anajua kwamba nyumba ya kwanza itaanguka, ya pili nayo itaanguka, na anaingoja ya tatu kwa hamu ili amwone mwenye nguvu na majigambo akipuliza mpaka pumzi zimwishie bila kufanikiwa. Ukishamfanya mbwamwitu kuwa mpole, hakuna wa kuaibika, na mtoto hana tena anachokingoja.

Sidai kwamba ngano hizi zisiguswe. Zimekuwa zikibadilishwa siku zote: Charles Perrault alipochapisha zake nchini Ufaransa mwaka 1697, msichana mwenye kofia nyekundu aliliwa na hadithi ikaishia hapo, lakini katika mkusanyiko wa ngano wa ndugu Grimm wa Ujerumani wa mwaka 1812 anatokea mwindaji anayelikata tumbo la mbwamwitu kwa mkasi na kumtoa msichana pamoja na bibi yake wakiwa hai. Anayetaka kubadilisha na abadilishe, ila kwanza aisome ngano yenyewe, jambo ambalo wengi wa waandishi hawa, kwa ushahidi wa kurasa zao, hawajalifanya.

Chukueni ile ya binti mfalme na chura. Nimeona kurasa tele zinazokejeli busu ambalo eti humgeuza chura kuwa mwana mfalme: chura ananuka mdomo, chura anapewa mswaki, binti anafuta midomo kwa sabuni. Katika ngano ya ndugu Grimm hakuna busu lolote. Kuna chura anayemfuata binti hadi mezani na kudai ale katika sahani yake ya dhahabu, kuna baba mfalme anayeshikilia kwamba ahadi lazima itimizwe, na kuna binti ambaye, chura anapodai pia kulala kitandani mwake, anampandisha chumbani kwa vidole viwili na kumbamiza ukutani kwa nguvu zake zote. Watoto ninaowasomea hupiga kelele za furaha wanapofika hapo. Mwandishi aliyekuwa na kichekesho kama hicho mkononi akakiacha na kukimbilia mswaki hakuwa akimfikiria mtoto hata kidogo.

Tena hiyo si ngano pekee. Wanamuziki wa Bremen, yaani punda, mbwa, paka na jogoo wanaowafukuza majambazi nyumbani mwao, walioingia katika toleo la 1819 la mkusanyiko huo wa Grimm, wanachekesha kuliko nusu ya rafu nzima ya vitabu vipya. Jambazi anarudi gizani katika nyumba waliyofukuzwa, anaparurwa na paka, anang'atwa na mbwa, anapigwa teke na punda, kisha anakwenda kumweleza mkuu wake kwamba ndani mna mchawi mwenye kucha, mtu mwenye kisu mlangoni na dubwana lenye rungu uani, na kwamba juu ya paa ameketi hakimu anayeamuru mhalifu aletwe. Hakimu huyo ni jogoo. Mtoto anajua, jambazi hajui, na utamu wote uko hapo. Humhitaji mtu mzima wa kukufafanulia.

Kuhusu utani wa kujamba sina ugomvi, mradi kutokee mara moja, mahali ambapo watu wazito wamekaa kwa heshima zao. Kukitokea kila ukurasa, hata mtoto wa miaka minne huchoka.

Najua nitajibiwa kwamba hadithi hizi zinamfundisha mtoto kuhoji. Ahoji nini, ikiwa ngano ya asili hajawahi kusimuliwa na anaanza kukutana nayo katika dhihaka? Kazi hii inawezekana. Mwaka 1989 mwandishi Mmarekani Jon Scieszka alimpa mbwamwitu wa nguruwe watatu nafasi ya kujitetea, na mbwamwitu huyo akasingizia mafua na chafya nyumba kwa nyumba, huku nguruwe wa kwanza na wa pili wakiishia kuliwa kama kawaida. Msomaji mdogo anaipata hadithi yote, hatari yake ikiwa palepale, na juu yake anapata uongo wa kuukamata mwenyewe.

Kwa wachapishaji nina dai moja: kabla ya kuchapa, msomeeni mswada mtoto wa umri mliouandika kwenye jalada, kwa sauti, bila kumweleza chochote, na kila mzaha ambao amehitaji kufafanuliwa ufutwe. Nanyi ndugu wasomaji, mwenye kitabu cha aina hii kilichomchekesha mtoto kwelikweli akitaje hapa chini, aseme mtoto ana umri gani na alicheka wapi. Vya kuwachekesha wazazi tunavyo vya kutosha.