MJADALA: Wakala wa akili mnemba aruhusiwe kusoma vifaa vya ghala la korosho?

Mwanzilishi wa mada, Mtwara mjini
Wana kusini, hebu tulijadili hili kabla msimu haujafunguliwa. Kijana wetu mmoja ametengeneza zana inayomwezesha wakala wa akili mnemba (programu inayojibu maswali na kuamua yenyewe itumie zana gani) kusoma hali ya vifaa janja ghalani: joto, unyevu wa hewa, mlango uko wazi au umefungwa, mzani umewashwa au umezimwa. Inasoma tu, haiwashi wala haizimi kitu. Imejengwa kwa MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na zana iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, na humo kila zana hubeba maelezo yake. Maelezo hayo hayamngoji fundi ayasome. Wakala mwenyewe huyasoma, na kwa hayo ndiyo anaamua lini aitumie zana na majibu yake ayaeleweje.

Chama kimoja cha msingi cha ushirika kinaitaka. Mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu kabla zana haijawashwa. Sababu yangu ni unyaufu. Tani moja ikiingia na unyevu wa asilimia 12, ikakauka hadi asilimia 9, zinabaki kama kilo 967. Kilo 33 hazikuibwa, ni maji yaliyokwenda hewani. Lakini bila kumbukumbu ya vipimo, karani akisema hivyo nani atamwamini?

Mtunza ghala, Masasi
Hesabu yako sina ugomvi nayo, ila umechanganya mambo mawili. Kifaa cha ukutani kinapima hewa. Unyevu wa korosho tunaupima kwa mashine yake, baada ya kuchoma gunia kwa bambo na kutoa sampuli, tena magunia ya katikati ya rundo si sawa na ya pembeni. Sasa mwanachama atamuuliza wakala, "Korosho zetu zikoje?" Atajibiwa asilimia 75, kumbe ni unyevu wa hewa. Kesho kijiji kizima kinasema nimeziloweka. Atakayeitwa kituoni ni mimi.

Mama mkulima, Tandahimba
Wanangu, kinachotuumiza ni mzani, na mzani wenyewe hamuusomi. Mnasoma kwamba umewashwa.

Fundi wa mifumo, Lindi
Mama amemaliza, ila niongeze machache.

Rasimu ya maelezo nimeiona. Inasema zana "hurudisha hali ya sasa ya kifaa". Si kweli. Inarudisha ujumbe wa mwisho uliotunzwa kwenye seva. Umeme ukikatika ghalani saa nane usiku, ukiuliza alfajiri unapewa kipimo cha saa nane, na wakala atakitangaza bila kusita kwa sababu maelezo yamemwambia ndiyo hali ya sasa. Kwa hiyo kila jibu libebe saa ya kipimo, na maelezo yaseme kipimo kikizeeka kiasi gani kisitumike. Kifaa kikiwa kimya, jibu liwe "haijulikani", lisiwe sifuri wala "umefungwa". Mlango usiojulikana hali yake kuripotiwa kuwa umefungwa, hapo mmemkaribisha mwizi.

Halafu hili la "inasoma tu" linawafariji mno. Ukikusanya wiki tatu za kufungua na kufunga mlango unajua mlinzi anaondoka saa ngapi. Hizo ni nyendo za mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Hata jina la kifaa lina hatari: wakala hulisoma nalo, na mtu akiliandika kama agizo, wakala asiyewekewa mipaka anaweza kulitii. (Najua kuna watakaocheka. Wacheke.)

Mwanzilishi wa mada
Mlango utoke kabisa, hauhusiani na unyaufu. Na sentensi ya kwanza ya maelezo iwe hii: "Zana hii inapima hewa ya ghala, haipimi unyevu wa korosho." Wakala akiikuta hapo juu, mwanachama akiuliza hali ya korosho atamwelekeza kwenye sampuli.

Mama, uzito usomwe, nakubaliana nawe, ila huo mzani unahitaji kifaa kingine na fedha nyingine. Isiwe sababu ya kuacha hiki.

Mtunza ghala, kukataa moja kwa moja siwezi kukuunga mkono. Leo kumbukumbu pekee ya joto na unyevu iko kwenye daftari lako, na wewe ni upande mmoja wa ugomvi.

Mtunza ghala, Masasi
Daftari langu lina saini ya karani wa chama kila asubuhi, kwa hiyo si langu peke yangu. Hiyo zana itasainiwa na nani? Na siku ikisema 60 wakati daftari linasema 72, unyaufu tukate kwa kipi? Liandikeni hilo kwenye maelezo yenu, ndipo mniite mkutanoni.