Impreza WRX: kubadili springi na shokapu nyumbani

Muulizaji, Njiro: Wakuu, nataka kushusha gari langu, Subaru WRX, kwa mm 40, springi na shokapu mpya. Nina jeki, stendi mbili na soketi. Nianzie wapi?

Jibu, Moshi: Mkuu, 40 ni nyingi mno kwa matuta ya barabara ya Arusha–Moshi, shokapu itagonga mwisho. Shusha 20. Mbele, boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu kwenye habu ndiyo inayorekebisha kemba (mwinamo wa tairi): ipige alama kabla hujaifungua kwa soketi namba 19. Toa mpira wa breki kwenye kishikizo chake, habu isiuning'inie. Na tafadhali sana: nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse kabla hujabana springi kwa vibanio viwili vinavyotazamana. Springi ikifyatuka inaua.

Jibu, Sakina: Naongezea. Legeza boliti za bushi (raba za viungo) za mikono ya chini inayoshika habu, uzikaze gari likiwa limekalia matairi. Ukizikaza likiwa kwenye stendi, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema. Kisha peleka alaimenti (kunyoosha matairi). Ukiahirisha, matairi yataliwa upande mmoja.

Muulizaji: Nachukua za 20. Asanteni.