Naanza kupika bia kwa nyumba, ninunue nini kwanza?

balkoni_umoja
Wasee habari zenu. Niko Umoja kwa bedsita yenye balkoni kidogo, nataka kuanza kupika bia yangu, si ya kuuza, ni ya mimi na mabeshte wikendi. Nimetenga elfu kumi. Kuna seti ya kuagiza majuu inakuja na ndoo mbili, mpira, mashine ya kufunga vifuniko na mkebe wa kimera (nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia) kilichokolezwa, lakini ukiweka usafiri na ushuru inapita bajeti mbali sana. Niivumilie nichange hadi itoshe ama nianze na vitu za hapa tu? Na ingine, shosho yangu Murang'a alikuwa anapika muratina, ile pombe ya kienyeji, tamu sana na hakuwahi pima kitu, so hii hidromita ya kupima sukari kwa bia kila mtu anaiongelea ni ya lazima kweli?

mpishi_southb
Karibu sana bro. Hio seti achana nayo, karibu kila kitu ndani yake kiko hapa tao. Anza na lita 5, si 20, juu lita 5 inapikika kwa sufuria ya lita 10 na jiko lako la gesi la kawaida, hauhitaji bana ya nje.

Pesa ya kwanza weka kwa ndoo. Tafuta ya lita 10 ya plastiki ya chakula, igeuze uangalie chini, kuna kile kipembetatu cha mishale kina namba ndani, 2 ama 5 iko sawa. Kisha fungua kifuniko uweke pua pale ndani kwa ukingo. Kama ilibeba mafuta, achari ama sabuni utasikia, na hio harufu haitoki hata uioshe wiki nzima, bia itaibeba. Toboa tundu moja kwa kifuniko, pitisha mpira mwembamba uubane vizuri hewa isipite kando, ule upande mwingine uzamishe kwa glasi ya maji. Gesi inatoka, hewa na wadudu hawaingii, imeisha hio. Na tafadhali usiisugue na steelwool, ile mikwaruzo ndio bakteria hujificha, tumia sponji laini tu.

kipimo_kwanza
Nakubaliana na mpishi kwa ndoo ila mimi hidromita naiweka namba moja, na swali la shosho ni zuri. Muratina hunywewa ikiwa bado inachacha, hakuna mtu anaifungia kwa chupa wiki mbili. Bia unaifunga. Kama hamira haijamaliza sukari na wewe umeshabana kifuniko, gesi inakosa pa kwenda na chupa inapasuka, na vioo vya chupa ya bia vikiruka vinaweza kutoboa mtu jicho. Hidromita ndio inakuambia imemaliza: pima leo, pima baada ya siku mbili tatu, namba ikiwa ile ile sasa funga. Mfano umeanza 1.045 ukaishia 1.010, toa, zidisha kwa 131, unapata kama asilimia 4.6 ya kileo.

Ukienda kununua kwa maduka ya vifaa vya maabara sema unataka ya kuanzia 1.000 kwenda juu hadi kama 1.100, na mrija wake wa kupimia. Usikubali ile ya kupima pombe kali, zinafanana sana lakini hio haisomi sukari.

Chupa usinunue, kusanya zile za kahawia za kufunguliwa na opena. Sukari ya kuweka gesi, ile unaongeza wakati wa kufunga, ni kama gramu 6 kwa lita.

nyanda_za_juu
Themomita mmeisahau kabisa. Kimera kinataka maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja hivi, ukizidisha sana unaua kile kinachogeuza wanga kuwa sukari na utabaki na uji. Usikadirie na kidole. Za dijitali za jikoni zimejaa Luthuli. Ukishafikisha joto zima gesi, funika sufuria na blanketi nzito, litashuka kidogo tu. Badala ya chujio la bei, nunua kitambaa cha neti ya pazia Gikomba, mpe fundi akushonee mfuko wa kutosha sufuria, unaweka kimera ndani unatoa kama majani chai. Na usishtuke maji yakichemka kwa nyuzi 94 ama 95, Nairobi iko juu, hatuko pwani.

Kitu wengi hawajui ni venye Nairobi yenyewe imekupa kifaa bure. Hamira ya ale, bia isiyotaka baridi kali, inapenda nyuzi 18 hadi 22 na nyumba nyingi hapa ziko hapo karibu mwaka mzima, watu wa Mombasa lazima watafute friji. Julai usiku ndio uifunike na sweta. Laga inataka baridi ya 10 hadi 13, hio iache kwanza.

dada_wa_kimera
Nyongeza tu. Hamira ya mkate itafanya kazi lakini ladha ya mkate inabaki na bia haitulii, heri pakiti ya hamira ya bia, zile za gramu 11.5 zinatosha lita 20 so wewe tumia robo, kunja ingine uweke friji. Na mambo ya leseni usiyapuuze, sheria ya vileo ya 2010 inahusu utengenezaji pia, si kuuza tu, so pitia ofisi ya kaunti uulize kabla hujawasha jiko.

balkoni_umoja
Asanteni sana, seti nimeachana nayo na kaunti nitapita Jumatatu. La mwisho, kusafisha vyombo Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, inatosha?

mpishi_southb
Inatosha, ile ya kawaida isiyo na harufu ya maua, kidogo tu kwa maji baridi, loweka dakika kama 20, na usiichanganye na siki hata tone juu inatoa gesi ya sumu. Kisha suuza vizuri na maji yaliyochemshwa yakapoa, klorini ikibaki bia inanuka kama plasta ya kidonda. Hata maji ya mfereji ya kupikia yachemshe ama uyaache wazi usiku mzima kwanza.