Siku ya kumi na moja bila jua Limuru: baridi hii inatoka wapi?

Mama Vifaranga, Limuru
Wajuzi, nisaidieni. Siku ya kumi na moja leo sijaona jua. Sare ya mtoto naikausha juu ya jiko. Nina vifaranga 300 wa wiki mbili. Gunia la makaa lililonitosha wiki sasa linaisha siku ya nne, na bado wanarundikana kwenye kona. Jirani anasema ni baridi ya Mlima Kenya. Mbona dada yangu Kisumu anatembea na kandambili? Na mbona ikishaingia haitoki?

Dereva wa Lori
Mlima unasingiziwa, mama. Hii imetoka baharini. Juni hadi Agosti mgandamizo mkubwa wa hewa hupata nguvu kusini mwa Bahari ya Hindi, pande za Mauritius na Réunion, maana kule ndiyo majira yao ya baridi. Kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, huanzia hapo. Upepo unafika kwetu na unyevu wa bahari, unapanda nyanda za juu, unapoa, unageuka wingu zito la chini. Juu yake kuna hewa yenye joto zaidi, imelifunika kama mfuniko wa sufuria: haliinuki likaleta mvua ya maana, linadondosha manyunyu tu, na jua halipenyi. Mgandamizo wenyewe si kama kimbunga kinachopita. Hukaa kulekule msimu mzima.

Nikishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, juu nimewasha taa za ukungu, chini navua jaketi. Hewa ikiteremka bondeni hupata joto, wingu linayeyuka. Kisumu ni ng'ambo ya bonde hilo.

Mvuvi, Lamu
Kusi hiyohiyo imetufungia bahari. Mashua ndogo hazivuki mwamba.

Mkulima wa Viazi, Makete, Tanzania
Pole dada. Huku kwetu ni kinyume: usiku anga jeupe, nyota tupu, joto la ardhi linatoroka, asubuhi majani ya viazi yana barafu. Mchana jua. Wewe wingu lako ni blanketi la usiku. Kinachokumaliza ni mchana usiopata joto, na upepo. Ziba upande wa kusini-mashariki, uache nafasi juu hewa ipite.

Mama Vifaranga, Limuru
Ala! Turubai nilikuwa nimeliweka upande wa mlima. Nimelihamisha sasa hivi.