Naomba ushauri: nawafundishaje wanafunzi kwa nini Mwezi hutuonyesha uso uleule?

Mwalimu wa Pwani: Salaam wanajukwaa. Ninafundisha Jiografia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wamekulia ufukweni, hivyo kujaa na kupwa kwa maji, bamvua na maji mafu wanavijua vyema. Wanakwama ninaposema kwamba mvutano uleule unaosababisha hayo ndio ulioufanya Mwezi utuelekezee upande mmoja daima. Wengi huona kwamba basi Mwezi haujizungushi kabisa. Nianzie wapi?

Mpenda Nyota: Mwalimu, anzia hapohapo wanapokosea. Weka kiti katikati ya darasa, mwanafunzi mmoja akizunguke huku amekielekea muda wote, na wenzake wataje ukuta anaoutazama kila anapofika. Atakapomaliza atakuwa ameelekea kuta zote nne, yaani amejizungusha mara moja kamili. Mwezi hufanya hivyo kwa siku 27.3.

Ndipo uwape sababu. Dunia huvuta upande wa Mwezi ulio karibu kwa nguvu zaidi kuliko upande ulio mbali, kwa hiyo mwamba wake hurefuka kidogo. Zamani, Mwezi ulipokuwa ukijizungusha kwa kasi zaidi, uvimbe huo ulitangulizwa mbele, Dunia ikawa inaurudisha nyuma, na msuguano ndani ya mwamba ukageuza nishati ya mzunguko kuwa joto, mpaka muda wa Mwezi kujizungusha ukalingana na muda wake wa kuizunguka Dunia.

Mdau wa Fizikia: Naongezea kwamba Dunia nayo inapunguzwa kasi. Uvimbe wa bahari kwa jumla hutangulia Mwezi, nao huuvuta Mwezi mbele; ndiyo maana Mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kilichopatikana kwa kurusha miali ya leza kwenye vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo kuanzia 1969. Siku yetu nayo hurefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne.

Mwalimu wa Pwani: Nashukuruni sana. Je, kila sayari iliyo karibu na Jua huishia kulielekezea upande mmoja?

Mpenda Nyota: Si lazima. Utaridi ilidhaniwa hivyo hadi 1965, rada ya Arecibo huko Puerto Rico ilipoonyesha kwamba hujizungusha mara tatu kila inapolizunguka Jua mara mbili, kwa kuwa njia yake ni duaradufu na mvutano huwa mkali zaidi inapolikaribia Jua. Pluto na mwezi wake Charon ndio waliofungana kabisa: hutazamana daima, na mzunguko wao ni wa siku 6.4. Huo nao ni mfano mzuri wa darasani, maana aliyesimama upande wa pili wa Pluto hangeiona Charon kamwe.